Bakapu ya usiku kati ya Mwanza, Bukoba na Kigoma: naombeni ushauri kabla hatujapoteza tena

Bintiziwa (Jumapili, saa 3 usiku)

Habari za usiku wakuu. Mnivumilie, maelezo ni marefu, ila nimeona bora niseme yote kuliko kuulizwa kimoja kimoja.

Niko Mwanza, kwenye kampuni ndogo ya upimaji ardhi. Niliajiriwa kama mtunza kumbukumbu, lakini kwa kuwa nilisoma kompyuta kidogo chuoni, ruta, printa na seva vyote viko chini yangu. Tuna ofisi tatu: makao makuu hapa Mwanza, tawi la Bukoba na tawi la Kigoma.

Kilichonileta ni hiki. Mwezi Machi vijana wetu wa Bukoba walimaliza wiki nzima wakipima mashamba ya kijiji kimoja kule Muleba. Kulikuwa na picha za droni, data za GPS, na picha ya kila bikoni (nguzo ya zege ya mpaka) ikiwa na mwenye shamba amesimama pembeni. Vyote viliwekwa kwenye diski moja ya nje, kadi za droni zikafutwa ili zitumike kesho yake. Diski ikadondoka kutoka mezani, kimo cha kawaida tu, kwenye sakafu ya saruji. Walipoichomeka ikawa inatoa mlio, tik, tik, tik, kisha inanyamaza, kisha inaanza tena. Kompyuta haiioni. Fundi tuliyempelekea alituambia kichwa kimekwangua sahani ndani, hakuna cha kuokoa.

Tukarudi Muleba. Gharama ya mafuta na posho tuliibeba, hiyo siyo iliyoniuma. Mpaka wa shamba la kijijini hauonyeshwi na mashine. Majirani wanasimama pande zote mbili, mjumbe wa kijiji yupo, wanakubaliana kwamba mwisho ni mstari ule wa migomba, ndipo kijana anasimika bikoni na kupiga picha. Mara ya pili tulipofika, mzee mmoja aliyekubali mara ya kwanza alikuwa amelazwa hospitali, na mwanawe akakataa alichokubali baba yake. Ushahidi pekee kwamba mzee alisimama pale na kuridhia ulikuwa ile picha iliyokufa na diski. Shauri limekwenda kwenye baraza la kijiji na mpaka leo majirani wale hawasemezani. Mimi ndiye mtunza kumbukumbu.

Sasa hali yetu ilivyo. Mwanza tuna faiba ya Mbps 20 (megabiti kwa sekunde) kupanda na kushuka, anwani ya kudumu, na seva ya zamani yenye Ubuntu na nafasi ya TB 8. Bukoba wana ruta ya 4G. Mchana haifai, usiku baada ya saa mbili inapandisha kama Mbps 5. Kigoma nao ni 4G, usiku wakibahatika ni Mbps 2. Droni ikiruka mara moja inaleta picha 400 hivi, kila moja kama MB 8, na siku ya kazi inaruka mara tatu. Kwa hiyo kila tawi linazalisha karibu GB 10 kwa siku ya droni. Juu ya hapo kuna michoro ya AutoCAD ambayo ofisi zote tatu zinaigusa. Bukoba peke yake wana TB 1.8 za miaka ya nyuma ambazo hazijawahi kufika Mwanza.

Nimeshajaribu vitu viwili. Kwanza Syncthing, programu ya kusawazisha folda kati ya kompyuta, na niliipenda kweli, iliwaka siku hiyo hiyo bila kuhangaika na mipangilio ya ruta. Wiki ya tatu kijana mmoja wa Kigoma akafuta folda kwenye laptopu yake ili apate nafasi. Kufika jioni folda ilikuwa imefutika ofisi zote tatu. Tuliiokoa kwa sababu nilikuwa na nakala kwenye flashi. Pili nikajaribu robocopy, amri ya kunakili mafaili, kutoka kompyuta ya Windows ya Bukoba. Niliiacha usiku, asubuhi nikaikuta bado iko kwenye faili lile lile la kwanza ambalo mtu alikuwa ameliacha wazi. Baadaye nikasoma kwamba usipoiambia vingine, inarudia faili lililogoma mara milioni moja, na kila mara inasubiri sekunde 30.

Naombeni mtu aliyewahi kufanya kazi hii kwenye laini kama zetu aniambie: nianzie wapi? Bosi ameniuliza bei ya seva mpya, nami sina hakika kama tatizo letu ni seva.

---

MzeeWaWaya (Jumapili, saa 4 na nusu usiku)

Pole sana binti. Umeuliza vizuri, na hapo mwisho umeona sawasawa: seva mpya haitakusaidia. Iache pesa hiyo, utaihitaji kwa diski.

Natunza mitandao ya matawi sita Kanda ya Kati, baadhi yana laini mbaya kuliko ya Kigoma. Jambo la kwanza ninalokuomba ukae nalo hata siku mbili kabla ya kugusa kibodi: unachanganya kazi mbili ambazo hazifanani. Michoro ya AutoCAD ni kazi hai. Inabadilika, watu watatu wanaitaka, inatakiwa ifanane kila ofisi. Hiyo ndiyo ya kusawazisha. Picha na data za uwandani ni ushahidi. Zikishatoka kwenye kadi haziruhusiwi kubadilika milele, hakuna anayezihariri, na zinatakiwa kwenda upande mmoja tu, kutoka tawini kuja kwako. Ukiziweka kwenye programu ya kusawazisha, unampa kila kijana mwenye laptopu uwezo wa kufuta ushahidi wa ofisi tatu. Syncthing haikukosea, ilifanya ilichoambiwa: folda imefutwa huku, basi na ifutwe kule.

La pili, hesabu. Chukua Mbps ugawe kwa 8 upate MB kwa sekunde, zidisha kwa 3,600. Bukoba: Mbps 5 ni GB 2.25 kwa saa. Kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi ni saa kumi, yaani GB 22.5. Laini ya 4G haikupi yote, mimi huhesabu asilimia 70, kwa hiyo shika GB 15. Siku yao ya GB 10 inaingia na nafasi inabaki. Kigoma: Mbps 2 ni GB 0.9 kwa saa, ukitoa upungufu unabaki na GB 6 kwa usiku. Siku ya GB 10 haiingii. Lakini niambie, Kigoma wanarusha droni siku ngapi kwa wiki? Maana usiku uko saba kwa wiki, hata Jumapili laini iko pale haina mtu. Kama ni siku tatu, hiyo ni GB 30, na wiki yao inabeba zaidi ya 40. Hesabu wiki, usihesabu usiku mmoja. Na kasi uipime kwa kutuma faili la GB 1 saa sita usiku ukiangalia limetumia muda gani. Zile kurasa za kupima kasi zinakupa sekunde kumi nzuri tu.

Zile TB 1.8 za zamani usijaribu kuzipitisha hewani. Kwa GB 15 kila usiku ni siku 120, miezi minne laini haifanyi kingine. Nunua diski mbili, nakili kila kitu Bukoba, mtu mmoja apande nayo meli ya usiku kuja Mwanza na nyingine ibaki kule mpaka ya kwanza ifunguliwe na kuhakikiwa. Ukishaimwaga kwenye seva yako, kuanzia hapo zinatembea nyongeza tu.

Kila tawi weka kompyuta ndogo ya Linux, zile za ukubwa wa kitabu, yenye diski ya TB 4. Inakula umeme kidogo sana, UPS (betri ya akiba) ya kawaida inaibeba muda mrefu. Vijana wakirudi wanamwaga kadi kwenye folda yake ya pamoja kupitia Windows kama walivyozoea. Hawahitaji kujua zaidi ya hapo. Laini za 4G hazikupi anwani ya wazi, kwa hiyo tawi ndilo lipige simu kuja Mwanza kwa WireGuard, programu inayofungua njia ya siri kupitia intaneti, kila upande uwe na ufunguo wake, na uweke PersistentKeepalive iwe 25 ili njia isijifunge. Njia ikishafunguka, seva ya Mwanza ndiyo ivute. Usiiache mashine ya tawi isukume. Mashine ya Bukoba ikiingiwa na kirusi, iwe haina ufunguo wa kuandika wala kufuta chochote kwako. Ufunguo unaoingia Bukoba uupe ruhusa ya kusoma tu. Rsync, programu ya kunakili utakayoitumia, inakuja na skripti ya kazi hiyo, inaitwa rrsync.

Kuvuta kwenyewe ni rsync. Andrew Tridgell na Paul Mackerras waliitoa mwaka 1996, enzi za laini nyembamba kuliko zako, na inaonekana: faili likibadilika kidogo, kinachosafiri ni vipande vilivyobadilika. Mstari wako uwe hivi:

`rsync -a --timeout=120 --partial-dir=.sehemu bukoba:ghafi/ /hifadhi/bukoba/ghafi/`

Angalia nilichokiacha. Hakuna --delete, inayofuta kwako kilichofutwa tawini, kwa ushahidi usiiweke kabisa. Hakuna -z, picha za JPEG zimeshabanwa, utachosha kichakataji bure. Hiyo .sehemu inatunza faili lililokatika katikati ili likirudi liendelee pale lilipoishia, utaipenda siku utakayovuta ramani ya GB 3. Iweke ndani ya mzunguko unaojaribu tena laini ikikatika, na tumia flock ili ya leo isianze wakati ya jana haijamaliza.

Nitarudi kuhusu michoro.

---

Mwisho_wa_Reli (Jumatatu, saa 1 asubuhi)

Niko Kigoma mjini dada. Alichosema mzee ni sahihi, mimi naongeza moja la huku kwetu. Umeme ukikatika saa saba usiku ukarudi saa tisa, hiyo kompyuta ndogo itawaka yenyewe? Nyingi zinakuja zimepangwa zibaki zimezima mpaka mtu abonyeze. Ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta, tafuta mpangilio wa umeme ukirudi, uuweke iwake. Kisha ijaribu kwa kuchomoa waya ukutani mbele ya macho yako. Na ruta ya 4G nayo ichomekwe kwenye UPS hiyo hiyo. Mimi nilisahau ruta, nikawa na seva inayowaka usiku kucha haina wa kuongea naye.

---

Bintiziwa (Jumatatu, saa 2 usiku)

Mzee, shikamoo na asante sana. Nimeisoma kazini mara tatu, na hiyo ya ushahidi na kazi hai nimemsomea bosi kwa sauti. Amekubali kununua diski badala ya seva.

Kigoma wanarusha droni siku tatu, nadra nne. Kwa hiyo hesabu yako inakaa.

Nina maswali mawili. Kwanza, hiyo michoro. Wiki iliyopita Bukoba na Mwanza walifungua mchoro mmoja kwa wakati mmoja, na Syncthing ikatuachia mafaili mawili, moja likiwa na maneno sync-conflict na tarehe. Mchoraji wetu alitumia nusu siku akilinganisha mistari ili ajue lipi lina mipaka sahihi. Pili, vijana wakimwaga kadi, ni lini wanaruhusiwa kuifuta? Hapo ndipo tulipokufa mara ya kwanza, na programu yoyote nitakayoweka haiwezi kumzuia mtu kufuta kadi.

---

MzeeWaWaya (Jumatatu, saa 3 usiku)

Marahaba. La kadi lina jibu jepesi: kadi haifutwi mpaka Mwanza iseme imepokea. Kila asubuhi seva yako itume ujumbe kwa tawi: folda fulani, picha idadi kadhaa, imekamilika. Kijana analinganisha idadi na kadi yake, ndipo anafuta. Itakubidi ununue kadi za kutosha wiki nzima kwa kila tawi, hasa Kigoma ambako picha zinaweza kukaa njiani siku mbili tatu.

Michoro, mpe kila mchoro mwenyewe. Michoro ya Bukoba inahaririwa Bukoba. Syncthing inakuruhusu kupanga folda ya kutuma tu upande mmoja na ya kupokea tu upande mwingine. Tengeneza folda tatu, kila ofisi inatuma ya kwake na kupokea za wenzake. Mtu wa Mwanza akitaka kusahihisha mchoro wa Bukoba anapiga simu. Najua inaonekana ya kizamani, lakini hakuna programu inayoweza kuunganisha mistari ya watu wawili kwenye faili moja la mchoro ikajua nani yuko sahihi. Na pale Mwanza washa utunzaji wa matoleo, ili mchoro ukifutwa au kuharibiwa tawini, toleo la jana libaki kwako.

---

PwaniMoja (Jumanne, saa 5 asubuhi)

Salamu kutoka Mombasa. Sisi ni mawakala wa forodha, ofisi Mombasa, Nairobi na Malaba. Naomba nichangie kwa sababu makosa ya aina hii yametuumiza sana.

Tulikuwa na programu ya bakapu yenye alama ya kijani pale chini kwenye skrini. Kijani maana yake salama, hivyo ndivyo tulivyoamini. Kompyuta ya Malaba ilipoharibika tukaenda kurejesha, tukakuta nakala ya mwisho ni ya wiki tano nyuma. Nywila ya akaunti ilikuwa imebadilishwa, programu ikashindwa kuingia kila usiku, na alama ikabaki kijani kwa sababu programu yenyewe ilikuwa inawaka. Hati za makontena ya wiki tano tuliziomba upya kwa wateja, mmoja mmoja, kwa simu, na wawili waliondoka. Tangu siku hiyo siamini ujumbe wa kosa. Naamini ujumbe wa mafanikio usipofika. Dada, hiyo taarifa ya asubuhi ambayo mzee ameitaja, mpe mtu mmoja kazi ya kuitazama, na isipofika kufikia saa moja asubuhi apige simu hata kama hakuna aliyelalamika.

Halafu kila mwezi rejesha kitu. Chagua folda bila kumwambia mtu, irudishe kwenye kompyuta tofauti, uyafungue mafaili kwa macho. Orodha ya majina tu haitoshi.

Kuhusu kuweka nakala nje ya nchi: tarehe 12 Mei 2024, kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika pamoja, kasi ya kwenda nje ilianguka na bakapu yetu ya wingu ikasimama siku kadhaa. Lakini Mombasa na Malaba ziliendelea kuonana, kwa kuwa njia kati yao haitoki nchini. Kwa hiyo mpango wenu wa ofisi kwa ofisi naupenda. Ila msiishie hapo, jengo la Mwanza likiungua mtakuwa mmepoteza vyote. Nakala ya tatu ikae nyumba nyingine.

---

MzeeWaWaya (Jumanne, saa 7 mchana)

PwaniMoja amesema kweli tupu. Kwa nakala ya tatu tumia programu ya bakapu iitwayo restic: inafunga data kwa nywila, haihifadhi kipande kimoja mara mbili, na kila siku inakuwa na nakala yake unayoweza kuirudia. Mna majina ya wamiliki na namba za NIDA humo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, kwa hiyo diski inayotoka nje ya ofisi iwe imefungwa. Nywila ya restic ukiipoteza hakuna wa kukufungulia. Iandike kwenye karatasi, bahasha, sefu.

---

Bintiziwa (wiki sita baadaye, Jumamosi, saa 4 asubuhi)

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi kwa wale walioniandikia pembeni.

Diski ya Bukoba ilikuja kwa meli. Kijana aliyeileta alikaa nayo mapajani usiku kucha, imeviringishwa kwenye sweta. Kuimwaga kwenye seva kulichukua siku moja kasoro, na kuhakiki faili kwa faili siku nyingine. Yalipatikana mafaili 11 ambayo hayasomeki, yote ya mwaka mmoja wa nyuma kabisa, na tisa kati yake tuliyapata kwenye laptopu ya mpimaji aliyekuwepo wakati ule. Kama tungesubiri mwaka mwingine sidhani kama tungeyapata.

Usiku wa kwanza wa kuvuta nilikosea saa, na naandika hapa ili mwingine asirudie. Nilitaka ianze saa nane usiku. Nikaandika 2 kwenye cron, yaani ratiba ya kazi za seva, sawasawa kabisa, saa nane usiku ni 2. Lakini seva ilikuwa inakwenda kwa saa ya UTC, ile ya kimataifa, na sisi tuko saa tatu mbele, kwa hiyo ilianza saa kumi na moja alfajiri. Saa mbili asubuhi watu wa Bukoba wanafika, laini yao yote iko kwangu, hawawezi hata kufungua barua pepe. Amri ya timedatectl ilinionyesha tatizo kwa sekunde moja. Nikaiweka Africa/Dar_es_Salaam, nikarudisha kuanza kuwa 20, yaani saa mbili usiku, na nikaiwekea ukomo wa saa kumi ili hata isipomaliza iachie laini alfajiri.

Kosa la pili halikuwa langu lakini nilipaswa kuliona. Kijana mmoja wa Bukoba alibadilisha jina la folda ya kata nzima baada ya kazi kupitishwa, akaongeza neno MWISHO. Kwa rsync folda yenye jina jipya ni folda mpya. GB 38 zikaanza kusafiri upya, picha mpya za Kigoma hazikuathirika kwa kuwa ni njia tofauti, ila Bukoba walikaa siku tatu bila uthibitisho wa kadi. Sasa folda inaitwa kwa tarehe na namba ya kazi, na kila usiku saa moja mashine ya tawi inaondoa ruhusa ya kuandika kwenye folda ya siku hiyo. Anayetaka kubadilisha jina ananipigia.

Kigoma ndiko nilikokuwa na wasiwasi, na ndiko kunakonipa moyo. Niliona kwamba data za GPS ni ndogo mno ukilinganisha na picha, megabaiti chache tu, na picha za bikoni zinazopigwa kwa simu nazo si kubwa. Nikavigawa. Kwanza zinakuja data za GPS na picha za bikoni zenye watu, zikimaliza ndipo zinafuata picha za droni. Kwa hiyo kile ambacho hakiwezi kurudiwa kinafika Mwanza usiku ule ule, kabla ya saa tatu. Za droni zinamalizika Ijumaa au Jumamosi, mara nyingine Jumapili alfajiri. Mwisho_wa_Reli, ruta iko kwenye UPS. Asante. Umeme ulikatika mara mbili wiki ya kwanza na mashine iliwaka yenyewe zote mbili. Mara ya kwanza nilikuwa macho naangalia, saa tisa na dakika kumi usiku, nikaona laini imerudi na idadi inaendelea kupanda.

Asubuhi saa kumi na mbili na nusu ujumbe unaingia kwenye kikundi chetu. Wa jana ulikuwa hivi: "BUKOBA folda 3, picha 1,214, GB 9.6, IMEKAMILIKA. KIGOMA bikoni 62, IMEKAMILIKA. Droni picha 705 kati ya 1,190, INAENDELEA." Vijana wanajibu na idadi ya kwenye kadi zao. Kadi ziko nane kila tawi, na ambayo haijathibitishwa imebandikwa utepe mwekundu. Utepe anautoa msimamizi wa tawi peke yake.

Nakala ya tatu ni diski mbili zinazopokezana kila Ijumaa. Moja inakaa kwenye sefu nyumbani kwa mhasibu wetu, upande wa pili wa mji. Bahasha ya nywila iko kwenye sefu nyingine.

PwaniMoja, jana nilifanya lile jaribio. Sikumwambia mtu. Nilichagua folda moja ya Muleba kutoka kwenye diski iliyokuwa kwa mhasibu, nikairudisha kwenye laptopu ambayo haijawahi kugusa kazi zetu, nikamwita mpimaji aliyekwenda kule. Tukazifungua moja baada ya nyingine, zote 58. Kwenye ya 41 kuna mama amesimama kando ya bikoni, jembe begani, jirani yake ameweka mkono juu ya zege, na namba iliyoandikwa pale inasomeka bila kukuza picha. Mpimaji akasema huyo mama ndiye aliyewauliza kama safari hii picha yake itatunzwa, kwa sababu mara ya kwanza alisimama juani bure.

Nimebakiwa na swali moja kwa MzeeWaWaya: diski zile za kupokezana, restic check ya kawaida inamaliza dakika chache, ila ikisoma data yote inachukua karibu siku nzima. Niisome yote kila mwezi, au nigawe kwa mafungu kila Ijumaa?